Wasifu wa Mama Povu, Aliyemshikia Mwanawe Nafasi

Ndugu, jamaa na majirani, tunawashukuru kwa miguu yenu, maana tunajua wengi mmetoka moja kwa moja kwenye mgao wa chakula hapa kambini na mizigo hamjaifikisha nyumbani. Nakala za ratiba ni chache. Aliye nayo amsogezee jirani. Wasifu huu umechelewa kuchapwa kwa sababu ya mstari mmoja. Familia haikuelewana kuhusu mtoto wa kwanza wa marehemu, ambaye hajaonekana tangu siku ya kukimbia vita: aandikwe pamoja na walioachwa, au pamoja na waliotangulia? Mtausikia mstari huo mwishoni, na jinsi ulivyopatikana. Wasifu umeandikwa na kitinda mimba wa marehemu. Anayeusoma ni mjomba, mdogo wake marehemu, ambaye ameahidi mbele ya mashahidi kwamba atasoma kila neno, hata yale yanayomhusu.

Marehemu alizaliwa tarehe 6 Agosti 1959, mtoto wa kwanza wa fundi matofali na mkewe. Nyumba yao ilikuwa ya vyumba viwili, na ukuta wake ulishikana na wa jirani kiasi kwamba jirani akipiga chafya, wao humwitikia. Mjomba alizaliwa miaka minne baadaye, na dada yake alimbeba mgongoni mpaka miguu ya mbebwaji ikawa inaburuta chini. Mjomba hakatai. Anasema alikuwa anachoka kutembea.

Alianza shule ya msingi mwaka 1967 na kumaliza mwaka 1973. Alikuwa mwanafunzi wa wastani, na mwenyewe alipenda kusema kwamba wastani ni neno walilomtafutia kwa heshima. Alikuwa na sare moja tu. Aliifua kila jioni, na asubuhi akaivaa ikiwa bado mbichi, halafu kipindi cha kwanza akasimama kando ya dirisha penye jua. Mwalimu wa hesabu alidhani mtoto huyu anasimama kwa hamu ya kujibu, akawa anamsifu mbele ya wenzake. Kumbe mwenzenu alikuwa anajikausha. Masomo yaliishia hapo, kwa sababu baba yao alianguka kutoka juu ya jengo na mkono wake wa kulia haukurudi tena kazini.

Mwaka 1977 aliajiriwa katika chumba cha kufulia cha hospitali. Kilikuwa chumba kirefu chenye masinki ya saruji, mvuke, harufu ya dawa ya kuua vijidudu, na bomba nene lililotoa maji kwa kishindo. Shuka zenye damu zililowekwa kwanza kwenye maji baridi, kisha zikasuguliwa, zikasuuzwa, zikakamuliwa na watu wawili, mmoja huku na mwingine kule, kama wanaovutana kamba. Wauguzi walimwona kila mara akiwa na povu mpaka kwenye viwiko, wakamwita Povu, na alipozaa likawa Mama Povu. Alifanya kazi hiyo miaka ishirini na saba. Kambini, watu walipokuwa wakisimulia vyakula walivyovikosa, yeye alisimulia bomba lile.

Aliolewa tarehe 17 Desemba 1983 na dereva wa lori la dawa la hospitali hiyohiyo. Haikuruhusiwa kufua nguo za wafanyakazi pamoja na shuka za wagonjwa, lakini dereva alileta shati lake kwa kificho, na likafuliwa kwa kificho. Lilirudi jeupe, limenyooshwa, na halina kifungo cha juu.

"Dada, kifungo changu kiko wapi?"

"Kitakuwa kimezama. Rudi kesho nitakutafutia."

Alirudi kesho yake, na keshokutwa, na shati likawa linapoteza kifungo kila linapofuliwa. Siku ya harusi bibi harusi alimkabidhi mume wake vifungo vyote ndani ya kiberiti kitupu. Walijaliwa watoto watatu: mkubwa, wa kiume, mwaka 1985, binti wa kati mwaka 1990, na kitinda mimba, binti pia, mwaka 1997. Mume wake alifariki kwa malaria mwaka 2001, kwenye wodi ambayo shuka zake alikuwa akizifua yeye mwenyewe. Baada ya miaka mitatu vita vikaja, na marehemu alikuwa akisema baba watoto alichagua wakati mzuri wa kuondoka, kwa maana hakuwa mtu wa kukimbia.

Tarehe 19 Novemba 2004 mapigano yaliingia mjini kukiwa kweupe, watu wako kazini. Wakazi walikuwa wameshazoea milio ya mbali. Wakiisikia waliongeza tu sauti ya redio. Siku hiyo milio ilitoka mtaa wa nyuma. Marehemu alitoka hospitalini na aproni yake ya kijani kiunoni, akawakusanya watoto, akafunga alichoweza kufunga, na wakapata nafasi kwenye lori la rafiki wa marehemu mume wake, pale mwisho wa mtaa. Wakiwa wameshakaa ndipo alipoangalia mzigo wake akaona hakuna maji wala chombo cha kuwekea maji.

"Tutakunywa nini njiani?" aliuliza.

"Narudi mara moja nichukue dumu," akasema mkubwa. Alikuwa na miaka kumi na tisa, mrefu, mwenye haraka.

"Basi kimbia. Nakushikia nafasi."

Mkubwa akaruka chini. Mama yake akaweka furushi pale alipokuwa amekaa, akalilalia kwa mkono. Lori likajaa. Watu wakawa wananing'inia ubavuni. Dereva akaja akasimama mbele yake.

"Mama, mwenye nafasi hii yuko wapi?"

"Anakuja."

"Huyu hapa ana mtoto mchanga. Yule anakuja na huyu amekuja. Nimchukue yupi?"

Marehemu aliliondoa furushi kwa mikono yake mwenyewe. Mama mwenye mtoto mchanga akakaa, lori likaondoka, na mkubwa hakuonekana barabarani mpaka mji ulipopotea nyuma ya vumbi. Marehemu hakumlaumu dereva. Hakumlaumu yule mama pia, ambaye amekuwa jirani yake hapa kambini miaka yote hii na amekaa pale mbele analia. Mtoto mchanga yule ndiye aliyetuchapia wasifu huu. Lawama yote marehemu alijibebesha mwenyewe, na hakuna aliyeweza kumtua.

Walipofika kambini walipewa turubai, blanketi nzito katika msimu wa joto kali, na sufuria isiyo na mfuniko. Cha kuchotea maji hakikuwepo. Waliambiwa madumu yako njiani, na yalikaa njiani kuliko watu wenyewe waliokimbia. Kwenye uandikishaji aliulizwa nyumba yake ina watu wangapi, akasema wanne. Mwandikishaji akahesabu vichwa.

"Naona watatu. Mama, tunaandika waliopo."

"Huyu naye yupo. Hayupo hapa tu."

Waliandikwa watatu, na mgao ukawa wa watatu. Mwezi wa sabuni haukuwa mwezi wa mafuta, na mwezi wa mafuta unga ulikuwa haujafika. Marehemu alisema siku vyote vitatu vitakapofika pamoja, hapo ndipo atakapoamini vita vimeisha. Hakuiona siku hiyo.

Madumu yalipofika, nyumba ilipata moja. La pili alilitafuta kwa jasho lake: alifua mapazia ya ofisi ya shirika lililokuwa linaleta maji, na walipomuuliza wamlipe nini akasema dumu. Akalifunga kipande cha ile aproni ya kijani kwenye mkono wake, akasema hili ni la mkubwa.

Kwa wageni waliokuja kumzika kutoka nje, tueleze kidogo. Bombani kwetu mtu hapangi foleni, dumu ndilo linalopanga. Unaliweka asubuhi, halafu unakwenda kwenye foleni ya unga, au ya zahanati, au ile ya kuulizia foleni nyingine zimehamia wapi. Kila mwenye zamu akichota, waliopo wanasogeza madumu ya wasiokuwepo. Likifika mbele na mwenyewe hayupo, linawekwa pembeni na nafasi imepotea. Marehemu aliweka mawili: lake, na nyuma yake la mkubwa. Maji ya dumu la mkubwa hayakuingia nyumbani. Aliyapeleka pale malori yanaposhusha watu wapya, wanaofika midomo imekauka, hawana kadi, hawana hata kikombe. Aliwanywesha kwa kata, mmoja mmoja, na kila mmoja akaulizwa swali lilelile: "Njiani hukupishana na kijana mrefu, amebeba dumu?" Wapo watu hapa leo ambao maji yao ya kwanza kambini yalikuwa hayo, na wanajijua.

Miaka ikapita. Binti wa kati akamwambia, "Mama, huyo siyo kijana tena. Ana ndevu sasa. Uliza mtu mzima."

"Nitauliza hivihivi. Nikianza kumbadilisha nitamsahau sura."

Mwaka 2017 mapigano yalizuka upya na kambi ikafurika. Lori la maji lililokuwa linajaza tangi kila siku likawa linakuja siku moja na kuruka nyingine, kisha likawa linakuja likijisikia. Kamati ya maji ikapitisha kwamba kila nyumba iweke dumu moja tu kwenye foleni. Mtunza bomba ni huyu bwana mnayemfahamu kwa jina la Kufuli, kwa sababu ya ufunguo anaouvaa shingoni. Alimfuata marehemu taratibu, kofia mkononi.

"Mama Povu, haya mawili ni ya nyumba moja."

"Moja langu, moja la mkubwa."

"Mkubwa yuko wapi?"

"Kufuli, si unajua."

"Najua, mama, ndiyo maana nauliza kwa adabu. Watoto wanalia hapa. Nikikuachia wewe, kesho kila mtu ataniletea mkubwa wake."

"Na kila mtu anaye," marehemu akasema.

Nyuma kwenye foleni mtu mmoja akanong'ona kwamba maji ya wafu yanachotwa wakati walio hai wana kiu. Alinong'ona kwa sauti ya kusikika. Wote walijua kwamba dumu moja lazima litoke, na wote walidhani wanajua lipi. Marehemu akainama, akashika dumu lake, akalitoa kwenye mstari. La mkubwa akalisogeza mbele pale lilipokuwa lake.

Tangu siku hiyo nyumba nzima ilikunywa, ikapika na kuoga kwa maji ya nafasi ya mkubwa. Waliopata tabu ni waliopo. Wajukuu walioga kwa kikombe, na nguo zilifuliwa kwa maji yaliyooshea vyombo, jambo lililomuuma mwanamke aliyekuwa na povu mpaka viwikoni kuliko njaa yenyewe. Na bado kata ya kwanza ilikwenda kwa watu wa malori. Mjomba alipandwa na hasira. Alikuja turubaini akafoka, na majirani wa safu ile mlimsikia, kwa hiyo haina haja ya kuficha: "Dada, unawanyima maji waliopo kwa ajili ya asiyekuwepo!"

Marehemu alimjibu bila kuinua sauti. "Nafasi yake niliitoa mara moja. Sitaitoa tena."

Mjomba hakuwa mbaya. Alikuwa amechoka, kama sisi sote. Miezi mitatu hakukanyaga kwa dada yake, na siku aliyorudi alikuwa na maji nusu ndoo aliyoyapunguza kwake. Aliiweka ndoo mlangoni akauliza kama kuna chai.

Maradhi ya marehemu yalianza mwaka 2020: shinikizo la damu, kisha moyo, kisha miguu ikavimba mpaka kandambili zikakatwa nyuma ili zimwingie. Zahanati ya kambi ilimpa vidonge vya kumeza kila siku. Mwaka uliofuata shirika lililoiendesha lilipunguziwa fedha, zahanati ikawa inafunguliwa mara mbili kwa wiki, na vidonge vya kila siku vikawa vya kila vinapopatikana. Daktari aliandika apelekwe hospitali kubwa mjini. Gari lilihitaji kibali, kibali kilihitaji sahihi, na mwenye sahihi alikuwa amehamishwa. Hatusemi haya ili kumnyooshea mtu kidole. Tunayasema kwa sababu tumechoka kusoma makaburini hapa kwamba fulani ameugua kwa muda mrefu, kana kwamba muda huo ulijiongezea urefu wenyewe.

Siku za mwisho alisema mambo mawili. La kwanza, azikwe upande wa barabara. "Akija asihangaike kuuliza makaburi mengi hivi." Ndiyo sababu tumewasumbua kuja kusimama huku kwenye vumbi, wakati kule ndani kuna kivuli. La pili alilisema asubuhi ya tarehe 11 Februari 2023, kichwa kikiwa kwenye mapaja ya binti wa kati.

"Limewekwa?"

"Limewekwa, mama."

"Limefika wapi?"

"Linakaribia."

Akaitikia kwa kichwa, akafumba macho, na pumzi ikawa inapungua polepole mpaka ikakoma. Alikuwa na umri wa miaka sitini na mitatu.

Jana asubuhi familia ilikaa kuandika mstari ule. Mjomba alisema mkubwa aandikwe pamoja na baba yake, kwa waliotangulia. "Dada amebeba jambo hili peke yake mpaka limemuua. Tusiwarithishe wanawe." Alilisema kwa mapenzi, machozi yakimtoka. Binti wa kati alitaka mkubwa asitajwe kabisa, maana kila alipotajwa mama alikuwa haumii peke yake. Kitinda mimba alikuwa ameshika kalamu na hakuandika chochote. Waligombana kwa sauti za chini, za watu ambao hata nguvu ya kugombana hawana, na karatasi ikabaki nyeupe.

Ndipo Kufuli alipoinua pazia la mlango, kofia mkononi.

"Poleni. Sikuja kukaa. Dumu la mkubwa niliona hamjalileta kwa sababu ya msiba, nikalichukua mwenyewe alfajiri nikaliweka. Sasa limefika mbele. Nani anakuja kuchota?"

Sheria ya bomba mnaijua: likifika mbele na mtu hayupo, linawekwa pembeni. Kufuli alisubiri pale mlangoni, na ufunguo wa bomba ulikuwa shingoni mwake, maana yake foleni yote ilikuwa imesimama inatusubiri sisi. Tuliambiwa baadaye kwamba hakuna aliyelalamika.

Mjomba alivaa viatu. Alikwenda nyuma ya Kufuli bila kutuangalia, na aliporudi alikuwa amelibeba dumu begani, limejaa, maji yakimchuruzika mgongoni, bwana yuleyule ambaye dada yake alimbeba mgongoni mpaka miguu yake ikaburuta. Akalitua katikati ya turubai. Akakaa chini, akahema.

"Andika," akamwambia kitinda mimba.

"Nimwandike wapi, mjomba?"

"Palepale dada alipomweka."

Maji mliyonawa mlipofika msibani leo ni ya dumu hilo. Chai mtakayokunywa tukitoka hapa imepikwa kwa hayohayo, na kata ya kwanza imekwenda kwa familia iliyoshushwa jana pale kwenye malori. Binti wa kati ndiye aliyeipeleka, na ameshawauliza lile swali.

Marehemu ametanguliwa na wazazi wake na mume wake. Ameacha mdogo wake wa kiume, anayesoma maneno haya, ambaye hapa anaruhusiwa kunyamaza kidogo kabla ya kuendelea. Ameacha wajukuu sita, na jirani mmoja aliyekaa naye bega kwa bega tangu kwenye lori. Ameacha watoto watatu: mkubwa wake, wa kiume, aliyerudi kuchukua dumu, binti wa kati, na kitinda mimba.

Atakayepishana na mkubwa njiani amwambie mama yake yuko upande wa barabara, na nafasi yake ipo, inashikwa. Mungu amlaze Mama Povu kwa amani, mahali penye maji mengi na pasipo na foleni.